Baiti Nane Zilizokosekana: Kuandaa Imeji ya Butiloda

Katika karakana yangu ndogo hapa Moshi ninatengeneza vifaa vya kupima kina cha maji katika mifereji ya mashamba ya Kibosho, na kila kifaa kinaendeshwa na bodi ya BeagleBone Black yenye prosesa ya AM3358 ya Texas Instruments. Nilipokuwa nikiandaa kifaa cha tatu, nilirekebisha butiloda, yaani programu ndogo inayoanzisha bodi kabla ya mfumo wake mkuu, ili iwake kwa haraka zaidi, nikaikompaili kuwa faili la mashine (imeji), nikainakili kwenye kadi ya SD, kisha nikawasha bodi huku nikifuatilia ujumbe wa seriali kwenye kompyuta. Badala ya salamu ya U-Boot, butiloda ninayoitumia, nilipata herufi moja ikijirudia bila kukoma: CCCCCC.

Herufi hiyo haitokani na hitilafu ya waya. Ndani ya prosesa kuna programu iliyowekwa kiwandani kwenye ROM (kumbukumbu isiyobadilishika), nayo ndiyo ya kwanza kufanya kazi umeme unapofika. Ikikosa imeji inayokubalika kila mahali ilipoagizwa kutafuta, hufikia hatua ya kuomba itumiwe imeji kwa seriali, kwa itifaki ya XMODEM, na ombi lenyewe ni hiyo C.

Kosa lilikuwa langu. Nilichukua faili la u-boot-spl.bin, ambalo ni hatua ya kwanza ya U-Boot iitwayo SPL, nikalibatiza jina la MLO, nikidhani jina linatosha. Ni kweli kwamba ROM hutafuta jina hilo kwenye sehemu ya kadi yenye mfumo wa mafaili wa FAT, lakini ikishalipata hutaka kwanza kichwa cha baiti nane kinachotangulia kodi (maagizo ya programu): baiti nne za kutaja ukubwa, na nne za kutaja anwani ya kumbukumbu ambako kodi itapakiwa, ambayo kwa prosesa hii huwa 0x402F0400. Faili langu lilianza moja kwa moja na amri ya ARM ya kuruka, ambayo baiti yake ya juu ni 0xEA. Ukiisoma amri hiyo kana kwamba ni ukubwa, unapata zaidi ya baiti bilioni 3.9, ilhali nafasi iliyotengwa kwa hatua hii ni KB 109 tu. Hata mimi ningelikataa.

Ufinyu huo wa nafasi una sababu. Wakati ROM inapopakia imeji, kumbukumbu kubwa ya DRAM bado haijaandaliwa, kwa hiyo hatua ya kwanza, yaani SPL, lazima itoshe kwenye kumbukumbu ndogo iliyo ndani ya prosesa. Kisha SPL yenyewe huiandaa DRAM na kupakia humo U-Boot kamili.

Dawa ilikuwa rahisi kiasi cha kuniaibisha. Ukikompaili U-Boot kwa usanidi wa bodi hii, zana ya mkimage huitwa kwa aina ya omapimage na kuzalisha faili halisi la MLO, ambalo huanza na baiti 512 za jedwali la usanidi, zikifuatwa na zile baiti nane, ndipo kodi. Kwa anayewasha kutoka kwenye chipu ya kumbukumbu ya SPI badala ya kadi lipo faili jingine, MLO.byteswap, ambalo mpangilio wa baiti zake umegeuzwa.

Usihamishe kanuni hizi kwenye prosesa nyingine. ROM ya prosesa za Allwinner hutafuta imeji KB 8 kutoka mwanzo wa kadi, ikitarajia herufi eGON.BT0 pamoja na cheksamu (hesabu ya kuhakiki baiti) sahihi, na ile ya prosesa za i.MX6 hutafuta KB 1 kutoka mwanzo jedwali linaloanza na baiti 0xD1. Katika hali hizo imeji huandikwa kwa amri ya dd moja kwa moja kwenye kadi, bila kupitia mfumo wa mafaili, na anayesahau kuweka seek (nafasi ya kuanzia kuandika) hufuta jedwali la sehemu za kadi nzima. (Hilo nalo nimewahi kulifanya, usiku, umeme ukiwa umerudi punde.)

Sasa, kabla ya kuchomeka kadi, ninalifungua faili kwa hexdump -C, zana inayoonyesha baiti pamoja na herufi zake. Nikiona neno CHSETTINGS kwenye mstari wa pili, ninaendelea. Nikikuta EA kwenye baiti ya nne, ninajua nimenakili faili lisilo na kichwa.