"Dokta, mtanitoa pafu lote?"

Hili swali naulizwa kila nikimwambia mgonjwa kuna uvimbe kwenye bomba lake la hewa unaitwa kasinoidi. Namjibu hapohapo, mara nyingi hapana, na tutapambana sana pafu libaki.

Kasinoidi ni kansa ndiyo, inatokana na seli zinazotengeneza homoni, ila nyingi zinakua taratibu sana, na kwenye kansa zote za mapafu ni kama asilimia 1 hadi 2 tu. Inampata hata kijana, hata mtu ambaye hajawahi kushika sigara. Ubaya wake ikiota ndani ya njia ya hewa inaziba, mtu anakohoa, kifua kinapiga filimbi, anatema damu, nimonia inamrudia upande uleule, na huku kwetu Mwanza ukitema damu wa kwanza kushukiwa ni TB, na ni sahihi kabisa kushuku, lakini makohozi hayaonyeshi kitu, dozi ya miezi 6 inaisha na mtu bado anakohoa. Hapo naomba jamani, apigwe siti skani na aingizwe kamera kwenye njia ya hewa.

Nilimpokea mama mmoja muuza dagaa pale Mwaloni, alishatibiwa TB, akaja kuambiwa pumu, miaka ikaenda. Kamera ilipoingia tukakaona, kekundu, kanang'aa kama kahawa mbivu ya Bukoba. Kanavuja damu sana ukikagusa, kwa hiyo kinyama cha kupima tulikata kwa tahadhari.

Watu wanauliza kwa nini tusiuchome tu kwa kamera yaishe. Angalia Jiwe la Bismarck pale ziwani, unachokiona juu ya maji siyo jiwe lote. Na huu uvimbe mara nyingi umeshatoboa ukuta wa bomba umejificha nje. Kuchoma kunafungua njia mtu apumue, dawa yenyewe ni kukata.

Pafu la kulia lina sehemu 3, la kushoto 2. Uvimbe ukiwa pembeni tunatoa sehemu yake tu. Ukikaa kwenye bomba kubwa ndiyo kazi yenyewe, maana zamani pafu zima lilikuwa linaenda, mpaka mwaka 1947 daktari mpasuaji Clement Price Thomas kule London akakata kipande cha bomba chenye uvimbe akaunga vichwa viwili vilivyobaki, pafu likabaki. Ndicho tunachofanya mpaka leo, kama fundi bomba anavyotoa kipande kibovu, tofauti yetu ni nyuzi nyembamba na masaa mengi. Matezi ya karibu nayo lazima yatoke yakapimwe kama kansa imefika huko, hata uvimbe uonekane mpole vipi, hapo sikubaliani kabisa na wanaoyaruka. Uvimbe ukiwa wa aina ile inayokua taratibu, wagonjwa kama 9 kati ya 10 wanakuwa hai miaka 5 baadaye.

Yule mama tulitoa sehemu ya juu kulia, tukamwachia mbili. Amerudi kwenye dagaa zake, ila kila mwaka namwita apige picha, maana kasinoidi inaweza kurudi hata ikishapita miaka 10.