Raba kaplingi ya propela: sio kila iliyochanika ni feki

Wakuu habari za kazi. Naandika hii nikiwa nimechoka kidogo, maana haipiti muda mrefu bila mtu kuja na BMW au Benzi yake, anafungua buti ananitolea raba kaplingi, ile raba ya duara inayounganisha gia boksi na propela (shafti ndefu inayopeleka nguvu kwenye matairi ya nyuma), imechanika, bado inang'aa weusi wa dukani, na sentensi ni ile ile: "fundi nimeuziwa feki". Feki zipo, sikatai, lakini nyingi ninazoshika mimi hazikufa kwa ufeki, zimeuliwa na aliyezifunga. Na siku hizi aliyezifunga ni mwenye gari mwenyewe, kaangalia video, kanunua jeki, kalala chini uani kwake. Sina shida na hilo, kazi hii inafanyika nyumbani kabisa. Shida yangu ni imani zinazokuja nayo.

Inayonichosha kuliko zote ni hii: "ni raba tu, matundu sita boliti sita, inakaa upande wowote".

Jamani hapana. Raba unayoiona nje ni koti tu. Kazi inafanywa na nyuzi zilizozungushwa ndani yake, zinazunguka bushi za chuma (vile vijibomba vilivyomo ndani ya matundu) mbili mbili, kutoka tundu hili hadi tundu linalofuata. Matundu matatu yanashikwa na flenji ya gia boksi (chuma chenye mikono mitatu ya kufungia boliti), matatu yanashikwa na flenji ya propela, na yanapishana, moja la mbele moja la nyuma hivyo hivyo mpaka mduara unaisha. Ukikanyaga mafuta flenji ya gia boksi inatangulia kuzunguka, propela inaburuzwa nyuma yake, kwa hiyo kati ya vile vipande sita vilivyopo katikati ya matundu, vitatu vinavutwa na vitatu vinabanwa. Na nyuzi ni kama kamba ya kuvutia gari, ukiivuta ina nguvu ukiisukuma haina msaada wowote. Ndo maana kwenye raba nyingi za aina hii vile vipande vitatu vya kuvutwa vinatengenezwa imara zaidi ya vile vingine. Sasa wewe ukiizungusha tundu moja tu pembeni, boliti zote zitaingia bila kelele, gari itatembea, utapost picha, lakini kipande imara kitakuwa kinabanwa na kile dhaifu ndo kinaburuza gari nzima na abiria na mizigo. Inachanika. Halafu duka ndo linatukanwa.

Mshale upo pale kwa kazi hiyo. Kwenye ukingo wa raba, usawa wa kila tundu, kuna mshale umechorwa au umechongwa, na kanuni ni moja, mshale uangalie mkono wa flenji. Kwenye tundu ambalo mkono wa flenji uko mbele, upande wa gia boksi, mshale unaangalia mbele, tundu linalofuata mkono uko nyuma na mshale unaangalia nyuma. Ukitaka kujua kama umekosea sio lazima ufungue kitu, lala chini na tochi, tafuta mshale wowote, ukikuta unaangalia kichwa cha boliti au nati badala ya mkono wa flenji, toa yote rudia. Na usiniambie "nilifunga kama ile ya zamani ilivyokuwa", kwa sababu ya zamani nayo pengine ilifungwa na mtu mwenye imani kama yako. Piga picha kabla ya kufungua ndio, ila mwamuzi ni mshale.

Imani hii ina mtoto wake: "nati ni nati, zungusha popote unapofikia". Hapa ndo watu wanaharibu raba mpya ikiwa bado haijaonja hata mita mia. Kila boliti ina upande uliolalia chuma cha flenji na upande uliolalia raba. Unazungusha ule wa flenji TU, ule wa raba unaushikilia na spana ya pili utulie. Ukizungusha upande wa raba, boliti inaburuza bushi ya chuma, bushi inaburuza nyuzi, na ukiweka tochi karibu utaona kabisa raba imeweka mkunjo pembeni ya tundu, kamkunjo kadogo ka mshazari, hapo ujue imeanza maisha ikiwa imesokotwa. Najua upande wa flenji mara nyingine ni mbaya kufikika, bodi iko karibu, mkono hauingii. Zungusha propela kidogo boliti ije upande ulio wazi, funga, zungusha tena. Kwa otomatiki hapo utaiweka N na matairi ya nyuma yawe hewani, kwa hiyo gari iwe imekaa vizuri kwenye stendi na magogo kwenye matairi ya mbele, hilo nalirudia chini kwa sababu nina ugomvi nalo.

Nati mpya pia. Zile ni nati za kujifunga, ukishazifungua mara moja kazi yake imeisha, na kipimo ni rahisi, nati mpya haiingii kwa vidole mpaka mwisho, lazima ikatae. Ya zamani inateleza mpaka chini kama ya baiskeli, halafu mtu anaipaka gundi anasema iko poa. Bei ya nati sita ukilinganisha na raba yenyewe haifiki hata nauli ya kuifuata dukani, sielewi ubahili huu unatoka wapi. Na uwe na spana ya torki, ile inayopima umebana kwa nguvu kiasi gani, kipimo chake ni Nm, azima kama huna. Kwa BMW za rika la E36 na E46 (hizo ni 3 Series), boliti ya M10, yaani unene wa milimita 10, iliyoandikwa 10.9 kichwani (daraja la ugumu wake) inakwenda Nm 64, M12 ya 10.9 inakwenda Nm 100, na zile za 8.8 zinapungua, 48 na 81. Kwa hiyo soma kichwa cha boliti kwanza kabla ya kuja kuniuliza "inabana ngapi", na kama gari yako ni ya rika jingine au Benzi, nenda na namba ya kitabu chake, usikopi hizi.

Halafu senta beringi, ile inayoshika propela katikati. Wengi wanailegeza ili propela irudi nyuma raba itoke, sawa kabisa, ndivyo inavyotakiwa, lakini wakirudisha wanaibana pale ilipoangukia. Kwenye E36 na E46 inatakiwa uisukume mbele milimita 4 hadi 6 kutoka pale inapotulia yenyewe, ndo ubane. Na kwenye Benzi nyingi za zamani, W124 kwa mfano, kuna nati kubwa katikati ya propela, unailegeza mwanzo propela iweze kuteleza, na inabanwa ya mwisho kabisa, baada ya gari kushuka chini na kusukumwa mbele nyuma mara kadhaa ili kila kitu kitafute sehemu yake. Ukiruka hatua hizi raba inakaa imevutwa au imesukumwa muda wote hata gari ikiwa imepaki. Itazame kwa pembeni ukimaliza: inatakiwa iwe bapa. Ukiona imetuna kama sahani, ujue hujamaliza.

Kabla sijasahau, piga alama. Rangi nyeupe kidogo kwenye flenji ya gia boksi na kwenye propela, na upande wa difu (gia ya matairi ya nyuma) hivyo hivyo ukifungua huko. Propela imebalansiwa ikiwa nzima, ukiirudisha imegeuka unaweza kujitengenezea mtetemo mpya, na usithubutu kuchomoa vipande viwili vya propela vikatengana bila alama. Usiiache pia ining'inie upande mmoja, ifunge na waya au kamba kwenye bodi, ikining'inia inaumiza jointi ya nyuma na senta beringi.

Basi hilo nimelimaliza, mengine nitapita haraka.

"Gari ikitetema ni wili balansi." Mara nyingi ni kweli, ndo maana inadanganya watu. Ila mtetemo wa tairi unausikia zaidi kwenye usukani na unafuata spidi, uwe umekanyaga mafuta au umeachia unabaki. Wa raba kaplingi unausikia chini ya kiti na kwenye sakafu, unakuja ukikanyaga na unapungua ukiachia. Ukiongeza na ule mlio wa "tuk" unapotoka D kwenda R, au unapoondoka kwenye foleni, kaangalie chini ya gari kabla hujabalansi matairi kwa mara ya tatu. Lakini usikimbilie raba peke yake, mauntini ya gia boksi (raba inayoibeba) iliyokufa, krosi (jointi ya propela) iliyolegea na bushi za difu vyote vinatoa mlio wa jamaa hiyo hiyo. Tikisa propela kwa mkono, tumia bisibisi ndefu kuipimisha, angalia.

"Mimi naendesha polepole, raba yangu itadumu." Spidi sio adui mkubwa. Gia ya kwanza kwenye otomatiki nyingi za magari haya inaizidisha nguvu ya injini kama mara nne kabla haijafika kwenye propela, kwa hiyo injini ya Nm 200 inaipiga raba kwa karibu Nm 800 pale unapoondoka, na ukiweka torki konveta, ile inayokaa kati ya injini na gia boksi ya otomatiki, inaongeza na yake. Simama ondoka, simama ondoka, tuta, shimo, tuta. Anayetoka Dar kwenda Dodoma kwa spidi moja anaionea huruma raba yake kuliko wewe wa foleni ya Mbagala kila siku.

"Pulizia grisi au mafuta kidogo itaacha kulia." Ukifanya hivyo umeiongezea ugonjwa. Mafuta yanavimbisha raba na kuilainisha. Na hapa nina ushauri wangu ambao watu wanaukwepa kwa sababu unaongeza bili: ukikuta raba ya zamani imelowa oili, usifunge mpya mpaka umebadilisha sili ya nyuma ya gia boksi, ile inayozuia oili isivuje. Ukishatoa propela sili iko pale pale mbele ya macho yako, kuiacha ni uvivu. Mauntini ya gia boksi nayo iangalie hapo hapo, ikiwa imelala gia boksi inashuka, raba inafanya kazi imepinda. Na nyie mnaoweka spesa kuinua gari, pembe za propela zinabadilika, msishangae.

"Mpasuko wowote maana yake imekufa." Hii angalau inakosea upande wa usalama. Vinywele vidogo juu juu vya uzee vipo kwenye raba nyingi. Unachotafuta ni ufa unaoingia ndani, hasa karibu na bushi, raba inayoachana na chuma, au nyuzi zinazochungulia. Ukiona uzi, paki.

"Chukua used ya Japani, zile orijino." Orijino ya miaka 15 ni raba ya miaka 15. Utafanya kazi yote ile, bomba la moshi chini, bati la kuzuia joto chini, mgongo unauma, halafu unarudisha kitu cha umri ule ule ulioutoa. Kwa injini sawa, kwa taa sawa, kwa raba hapana. Na wale wanaokata tairi la lori kwa kisu wanatoboa matundu sita, sina la kusema.

"Ni ugonjwa wa magari ya Mjerumani." Toyota Altezza inayo. Land Rover Discovery ya kwanza na ya pili zinayo kwenye propela ya nyuma, karibu na difu. Benzi nyingi zina mbili, mbele na nyuma, na mtu anabadilisha ya mbele tu halafu ananiambia mlio umehama.

Ya mwisho ndo ile niliyosema nina ugomvi nayo: "nimeweka P, gari haiendi kokote". P inafunga shafti ya kutoka gia boksi. Kinachounganisha shafti hiyo na matairi ni propela, na propela inaunganishwa na raba hii hii unayotaka kuitoa. Ukishafungua boliti za mwisho P haishiki kitu chochote, na kama umenyanyua nyuma basi hendibreki nayo haina msaada, kwa sababu inashika matairi ya nyuma ambayo yako hewani. Gari imesimama kwa matairi mawili ya mbele yasiyo na breki yoyote, na wewe uko chini yake unasukuma bisibisi. Uwanja uwe bapa, sio kale kamteremko ka geti. Magogo kwenye matairi ya mbele, mbele na nyuma ya kila tairi. Stendi imara, sio jeki peke yake, sio tofali, tofali linapasuka bila kutoa taarifa. Ukimaliza kuweka stendi, kabla hujaingia chini, isukume gari kwa bega lako kwa nguvu kweli kweli. Ikicheza, anza upya.

Na P hiyo hiyo inawahusu hata msiofungua kitu. Raba ikikatika kabisa ukiwa kwenye mlima, injini itanguruma, gari haitapanda, na ukirusha kwenye P itarudi nyuma kama kawaida. Kanyaga breki, vuta hendibreki, ndo ushuke utafute jiwe. Usijaribu kuondoka tena, kipande cha propela kilicholegea kikizunguka kinapiga bodi na bomba la moshi na chochote kilicho karibu, na bili inaacha kuwa ya raba.