Tarehe 10 Novemba: tunavyofowadiana na ukweli ulivyo

Kila ikifika Novemba magrupu ya huku Kigoma, mwisho wa reli, yanaamka, mtu anatupia picha ya ule mnara wa Ujiji halafu chini yake anashusha orodha ndefu, siku kama ya leo Stanley mwandishi wa gazeti alimkuta Livingstone mmisionari, siku kama ya leo alizaliwa Martin Luther, alizaliwa yule wa bunduki ya AK-47, alikufa Atatürk wa Uturuki, alinyongwa Ken Saro-Wiwa mwanaharakati wa Nigeria, na mwisho kabisa hepi bethdei kwa wote wa leo nyie ni watu wa historia. Mimi orodha hizi nazipenda kweli, sina ugomvi nazo, ila ukizikagua mstari kwa mstari unakuta sehemu kubwa imelegea, na wala sio kwamba watu wanadanganya makusudi, ni kwamba tunaichukulia tarehe kama kitu kilichoshushwa kikiwa tayari, wakati kuna mtu alikaa akaiandika na inawezekana kabisa huyo mtu alikuwa ametoka kuugua homa.

Naanza na ya kwetu, maana ndiyo inayoniuma.

Wanasema: Stanley na Livingstone walikutana 10 Novemba 1871, ipo kwenye jiwe, mjadala umefungwa

Kwenye jiwe ipo, hilo halina ubishi, nenda pale kwenye makumbusho Ujiji utasoma mwenyewe kwamba chini ya mwembe uliokuwepo hapo Stanley alikutana na Livingstone 10 Novemba 1871. Tarehe hiyo ni ya kwenye kitabu cha Stanley, na kaiandika kwa kujiamini haswa, kwamba ilikuwa Ijumaa, siku ya 236 tangu aondoke Bagamoyo na ya 51 tangu aondoke Unyanyembe, yaani hapo Tabora kwa jirani zetu. Na Ijumaa yenyewe ukirudisha kalenda nyuma inakubali. Sasa shida iko wapi, shida ni kwamba huyu bwana alipokuwa Kwihara, hapo hapo karibu na Tabora, aliugua homa mpaka akawa hajitambui, na mtu akilala hivyo porini bila kalenda ya ukutani, bila simu, bila redio, hesabu ya siku inamponyoka.

Halafu njoo upande wa pili. Shajara ya Livingstone inasema yeye aliingia Ujiji 23 Oktoba, amechoka, amedhoofu, akakuta mtu aliyekabidhiwa bidhaa zake ameziuza zote hajabakiza kitu, na siku chache baadaye mtumishi wake Susi akaja mbio anahema kumwambia kuna Mwingereza kamwona anakuja. Ukihesabu unaangukia wiki ya mwisho ya Oktoba. Hapo tayari wamepishana kama wiki mbili, tukio lile lile, baraza lile lile, ngozi ya mbuzi ile ile aliyokaribishwa kukalia mgeni. Na Livingstone naye usimshike kama shahidi wa mwisho kwa sababu alikuwa ameshakaa miaka bara huko anaugua kila mara na hesabu yake ya siku nayo haikuwa salama. Ndiyo maana mpaka leo ukisoma wanahistoria unakuta mmoja kaandika Oktoba mwingine kaandika Novemba na kila mmoja ana sababu zake. Mimi sisemi mnara ung'olewe, siku ya kukumbuka lazima iwepo jamani, lakini kwenye posti yako ukiongeza maneno mawili tu, kwa hesabu ya Stanley, unakuwa umemaliza kazi na hakuna wa kukugusa.

Lile neno maarufu la salamu, Daktari Livingstone bila shaka, nalo linaning'inia kwenye uzi. Kwenye shajara ya Stanley kurasa za siku ile zimechanwa, Livingstone kwenye shajara yake hakuliandika, tumebaki na maandishi yaliyotoka baadaye ya mtu aliyekuwa mwandishi wa gazeti na anajua nini kinauza. Huenda alisema, huenda alilitunga akiwa anaandika.

Na hii habari ya kwamba mzee alikuwa amepotea naomba tuiache kabisa. Amepotea kwa nani? Ujiji wakati huo ilikuwa kituo kikubwa cha biashara, misafara ya pembe na ya watumwa inaingia na kutoka, Waarabu wapo, Waswahili wapo, Waha na Wajiji wenyewe wapo, na wote walikuwa wanajua kuna mzee mzungu mgonjwa anaishi pale. Kilichopotea ni barua zake, hazikufika Ulaya, ndiyo gazeti la Stanley, New York Herald, likaona hapo kuna stori ya kuuza.

Wanasema: tarehe ya maajabu Ujiji ni 10 Novemba

Hapana, kama unataka tarehe ya kukufanya utikise kichwa ni 19 Machi na sijawahi kuona mtu kaiweka stetasi. Livingstone alizaliwa 19 Machi 1813 huko Blantyre, Scotland. Richard Burton, yule aliyekuja na Speke, wakaliona ziwa letu 13 Februari 1858 na kesho yake wakaingia Ujiji, alizaliwa 19 Machi 1821 Torquay, Uingereza. Wazungu wawili maarufu wa mji mmoja mdogo kando ya Ziwa Tanganyika, bethdei moja, na hapa hakuna homa wala kurasa zilizochanwa.

Lakini hapo hapo kuna mtego. Ukitafuta Richard Burton kwenye intaneti utaambiwa alizaliwa 10 Novemba, na mtu mwenye haraka anaona mambo yameungana, Burton wa Ujiji kazaliwa siku ya Ujiji. Huyo ni Burton mwigizaji wa filamu, kazaliwa 10 Novemba 1925 Wales, na hata hilo jina la Burton sio la kwao, alizaliwa anaitwa Jenkins akachukua jina la mwalimu wake aliyemlea kwenye sanaa. Na kama unapenda mambo ya kufanana basi chukua hii, Stanley naye alizaliwa Wales, mwaka 1841, na hakuwa Stanley, alikuwa John Rowlands.

Kifo cha Livingstone kina mvutano huo huo wa tarehe. Wengi wanaandika 1 Mei 1873, ila mti uliochongwa pale kwa chifu Chitambo, Zambia ya leo, na Jacob Wainwright, mmoja wa wale waliokuwa naye na waliobeba mwili wake mpaka pwani wakipitia Tabora, uliandikwa 4 Mei.

Wanasema: 10 Novemba kazaliwa Martin Luther, yule mpigania haki wa Marekani

Hii naiona kila mwaka na picha inayowekwa ni ya King. Martin Luther King Junia kazaliwa 15 Januari 1929 Atlanta, na alipozaliwa aliitwa Michael, jina la Martin Luther lilikuja baada ya baba yake kwenda Ujerumani 1934 akarudi amebadili lake na la mwanae. Wa 10 Novemba ni padri Mjerumani wa Eisleben, aliyeandika zile hoja 95 mwaka 1517, ambaye kwa jina lake ndugu zetu wa KKKT wanaitwa Walutheri. Aliitwa Martin kwa sababu alibatizwa kesho yake, 11 Novemba, sikukuu ya Mtakatifu Martin, kama ambavyo huku mtoto wa Desemba anajikuta Noeli bila kuulizwa.

Na sasa utamu wake. Rafiki yake Melanchthon aliwahi kumuuliza mama yake Luther, mama akasema siku anaikumbuka, saa anaikumbuka, ila mwaka hana uhakika. Yaani 1483 tunayoikariri mashuleni ni mwaka wa kukubaliana. Halafu kalenda waliyokuwa wanatumia enzi hizo ni ile ya zamani ya Julius, hii yetu ililetwa na Papa Gregori wa 13 mwaka 1582, watu wakalala 4 Oktoba wakaamka 15 Oktoba. Kwa kalenda ya sasa, siku aliyozaliwa Luther ingekuwa 19 Novemba. Kwa hiyo unapomuweka Luther wa 1483 sahani moja na Kalashnikov, yule wa AK-47, wa 1919 ukasema wamezaliwa siku moja, jua halikuwa sehemu moja, wanachoshea ni namba tu.

Kalashnikov huyo, aliyezaliwa Kurya huko Altai, yeye tarehe yake iko safi kwa sababu Urusi ilihamia kalenda mpya Februari 1918. Kuna wanaosema wote hao ni nyota ya Nge, ndiyo maana wakali. Sawa, na Ennio Morricone aliyetunga muziki wa filamu za kauboi naye ni 10 Novemba 1928, mmoja mtawa, mmoja fundi wa bunduki, mmoja mpiga tarumbeta, sasa ukali wao unafanana wapi.

Ken Saro-Wiwa nitapita haraka, 10 Novemba 1995 ni kweli, ila hakunyongwa peke yake, walikuwa Waogoni 9, watu wa kabila lake, siku hiyo Port Harcourt, na wale 8 wengine hakuna anayewataja.

Wanasema: mtu mkubwa lazima bethdei yake ijulikane

Atatürk alikufa 10 Novemba 1938 saa 3 na dakika 5 asubuhi, na kila mwaka dakika hiyo ving'ora vinalia Uturuki nzima magari yanasimama barabarani watu wanashuka wanasimama wima. Kifo kinajulikana mpaka dakika. Kuzaliwa je? Mwaka unatajwa 1881, siku haijulikani, mwenyewe akaichagua 19 Mei kwa sababu ndiyo siku aliyotua Samsun 1919 kuanza vita vyake vya ukombozi. Kiongozi wa nchi kajipangia bethdei.

Hapo ndipo nawakumbuka wazee wetu wa Buhigwe na Kasulu, unamuuliza alizaliwa lini anakwambia mwaka ule wa njaa kubwa, mahindi yalikauka yote, na habari imeisha. Akienda kuandikishwa fomu haina sehemu ya kuandika njaa, inataka siku, mwezi, mwaka, basi karani anaweka 1 Januari au 1 Julai wanamalizana foleni isogee, na kwenye usajili wa wakimbizi ndiyo kabisa, 1 Januari wamejaa. Ndiyo maana Facebook siku ya mwaka mpya inakupa bethdei za marafiki mpaka unachoka kuandika ubarikiwe.

Wanasema: kukutana na mtu mwenye bethdei yako ni mpango wa Mungu

Mpango wa Mungu siuingilii, ila hesabu iko hivi. Chukua watu 23 tu, uwezekano wa wawili wao kushea siku ya kuzaliwa unapita kidogo asilimia 50, kwa sababu hulinganishi mtu mmoja na wenzake tu, unalinganisha kila mtu na kila mtu, na humo mna jozi 253. Wakifika 50 ni asilimia 97, na darasa la watu 70, ambalo kwa shule zetu wala sio kubwa, ni karibu uhakika kabisa. Watu wanapochanganya ni hapa, hiyo ni kwa wawili wowote wale. Ukitaka anayeshea na wewe mwenyewe, siku yako hiyo hiyo, darasa la watu 80 linakupa kama asilimia 20 tu, na ili ufike nusu kwa nusu unahitaji wenzako 253.

Kwa mkoa mzima sensa ya 2022 ilitupa watu karibu milioni 2.5, kwa hiyo vizazi vikigawanywa sawa kwa siku 365 hapa Kigoma peke yake kuna watu kama 6,800 wa 10 Novemba. Walimu mnaosoma hapa jaribuni na daftari la uandikishaji wa wanafunzi, ni zoezi zuri la hesabu na watoto wanalipenda, ila kabla hamjaanza kutafuta jozi waondoeni kwanza wote wa 1 Januari na 1 Julai, wale wengi wao walizaliwa mezani kwa karani.