Dengu Hupandwa Lini? Yanayosemwa na Yaliyo Kweli

Kwanza tuelewane: ninazungumzia dengu zenye kincha kama mdomo wa ndege, zinazolimwa mbugani Shinyanga, Mwanza na Simiyu. Sizo ndengu za Kenya, ambazo Tanzania tunaziita choroko.

Inasemwa: ukiwahi kupanda na mvua za kwanza, utavuna zaidi.
Hiyo ni hesabu ya mahindi. Udongo mweusi wa mbugani hutuamisha maji, na mizizi ya dengu ikikosa hewa huoza. Hata zikinusurika, mvua nyingi huzinenepesha majani, zikalala chini, na ukungu ukapata maskani. Ndiyo maana dengu hungoja mvua zielekee ukingoni, mara nyingi kati ya Machi na Mei, mpunga au mahindi yakishatoka.

Inasemwa: dengu huishi kwa umande, kwa hiyo kuchelewa si kitu.
Hili linanisikitisha zaidi, maana huonekana kweli: shamba limestawi, na mvua hakuna! Lakini umande hulowesha jani tu. Kinachozilisha dengu ni unyevu uliobaki ardhini, nao mzizi huufuata hata zaidi ya mita moja. Ukichelewa, tabaka la juu hukauka na ardhi kupasuka. Mbegu nyingine hazioti. Zilizoota huchanua zingali fupi, na ukame huzikuta ndiyo kwanza zinajaza punje. Maganda huwa machache, punje nyembamba. Kaskazini mwa India, dengu zinazochelewa kupandwa hadi Desemba, baada ya mpunga, huongezewa adha nyingine: joto la Machi. Likipita nyuzi 35 wakati wa maua, chavua hudhoofika na maua hupukutika.

Kama umeshachelewa kidogo, loweka mbegu usiku mmoja, ianike hadi ikauke juu, uipande siku hiyohiyo, tena uifukie hadi penye unyevu.

Inasemwa: tarehe nzuri ni moja kila mahali.
Huko Syria, dengu zilizoea kupandwa majira ya kuchipua. Watafiti wa ICARDA, kituo cha kimataifa cha utafiti wa kilimo cha maeneo makavu, walionyesha kwamba zikipandwa mwanzoni mwa baridi huzaa zaidi, ila ziwe aina zinazostahimili ugonjwa wa baka jani. Hata kwetu, jaruba la bondeni na shamba la juu havikauki pamoja. Chimba kina cha kidole, ufinye udongo: ukishikana bila kuchuruzika maji wala kunata mkononi, panda.