Stashahada ya utabibu si njia ya mkato ya kwenda Uingereza

Vijana wengi wa Mtwara na Lindi huchagua utabibu badala ya uuguzi wakiamini kwamba anayeandika dawa atapokelewa haraka nje. Sivyo. Uingereza haina daftari la usajili la matabibu wa stashahada, muuguzi analo. Akishasajiliwa na Baraza la Uuguzi na Ukunga Tanzania, hufanya mtihani wa kompyuta, kisha wa vitendo hukohuko Uingereza. Kiingereza nacho hupimwa, mfano kwa mtihani wa kimataifa wa lugha uitwao IELTS: alama 7 kusoma, kusikiliza na kuzungumza, 6.5 kuandika.

Kagua majina mapema, tafadhali! Cheti cha kidato cha nne kikisema “Salum” na pasipoti “Salumu”, maombi yanaweza kukwama.