Natafuta G, napewa J

Jumamosi asubuhi muuza mikate wa mtaani kwetu, hapa Hamburg, alinirudishia chenji, na ndani yake mlikuwa na euro 2 inayong'aa kama kijiko kipya. Mto umejikunja katikati ya msitu kama nyoka aliyelala: Saarschleife, kona maarufu ya mto Saar, sarafu ya jimbo la Saarland ya 2025. Nikasimama palepale kwenye kaunta nikaigeuzageuza. "Imepungua?" akaniuliza. Nikamwambia haijapungua, natafuta herufi tu. Foleni nyuma yangu ikaguna.

Ilikuwa G. Nikatoka nimefurahi kama niliyeokota pesa njiani, ingawa dukani ni euro 2 zilezile.

Kazi yangu ni kuorodhesha sarafu za kale kwa ajili ya minada. Watu hushangaa kwamba mtu anayeshika riali na rupia siku nzima anaweza kuhangaika na chenji ya mkate. Lakini macho yangu nimeyanoa kwenye chenji. Sarafu ya kale ukiikosea inakugharimu, hii ya leo ukiikosea unanunulia maziwa.

Kwa wanaoanza: Ujerumani ina viwanda vitano vya kuchapa sarafu, na kila kimoja kina herufi yake. A ni Berlin, D ni München, F ni Stuttgart, G ni Karlsruhe, J ni Hamburg. Kazi wamegawana kwa mafungu: F inachapa asilimia 24, D na J asilimia 21 kila moja, A asilimia 20, na G inabaki na 14. Ndiyo maana G inachelewa kufika mkononi mwangu. Chenji mpya ya hapa kwetu huwa J baada ya J, maana kiwanda chenyewe kiko Rahlstedt, hapahapa mjini.

Na hizo herufi zilizorukwa? Hazikurukwa, zimekufa. B ilikuwa Hannover na C Frankfurt, zote zikafungwa katika miaka ya 1870. H ilikuwa Darmstadt, ikaisha 1882. E ilikuwa Dresden, baadaye Muldenhütten, ikanyamaza 1953. I ndiyo pekee ambayo haikupewa mtu, kwa kuwa ingefanana mno na J.

Herufi ni rahisi. Kinachowachanganya watu ni mwaka.

Msomaji mmoja aliniandikia: "Kaka, nimepewa euro 1 ya Ufaransa ya 1999. Euro ilianza 2002. Hii si bandia?" Si bandia. Noti na sarafu za euro ziliingia mikononi mwa watu tarehe 1 Januari 2002, lakini viwanda vilianza kuchapa miaka kadhaa kabla, kwa sababu mabilioni ya sarafu hayachapwi kwa usiku mmoja. Hapo nchi zikaachana njia. Ufaransa, Ubelgiji, Uholanzi, Hispania na Finland ziliandika mwaka ambao sarafu ilichapwa kweli, ndiyo maana ukipekua utakuta 1999, 2000 na 2001. Ujerumani, Italia, Austria, Ureno, Ugiriki na wengine waliandika 2002, mwaka wa kuanza kutumika, hata kama sarafu ilikaa ghalani ikisubiri. Kwa hiyo sarafu mbili zinaweza kuwa zimezaliwa wakati mmoja, moja ikasema 1999 na nyingine 2002, na hakuna iliyodanganya. Mwaka ulio kwenye sarafu ni kauli ya serikali iliyoitoa. Usiusome kama cheti cha kuzaliwa.

Na herufi nayo si pasipoti. Chukua euro 2 ya Ugiriki ya 2002, ile yenye msichana Europa juu ya fahali. Zungusha macho kwenye zile nyota kumi na mbili za ukingoni. Katika baadhi ya sarafu, ndani ya nyota moja utakuta S ndogo sana, ndogo kuliko kichwa cha sisimizi. S ni Suomi, yaani Finland kwa jina inalojiita yenyewe. Wagiriki walielemewa na kazi wakaagiza msaada: Finland ikawachapia sehemu ya euro 1 na euro 2, Hispania ikawachapia senti 20 kwa herufi E ya España, na Ufaransa sarafu nyingine za senti kwa herufi F. Mara ya kwanza kuiona hiyo S ilinichukua dakika nzima chini ya taa, na nilipoipata nilimwita mke wangu aje aione. Alikuja, akaangalia, akarudi jikoni.

Onyo, kwa kuwa najua mtakachokwenda kutafuta sasa hivi. Mtandaoni kuna watu wanaiuza hiyo S kwa bei ya kukutoa machozi. Zimechapwa makumi ya mamilioni. Iliyotembea mfukoni thamani yake ni euro 2, basi.

Wengine wanauziana maandishi ya ukingoni. Euro 2 ya Ujerumani imeandikwa EINIGKEIT UND RECHT UND FREIHEIT kuizunguka. Ukiilaza sarafu, tai akiwa juu, nyingine maandishi yanasomeka yamesimama na nyingine yamepinduka. Sababu ni ndogo: ukingo huandikwa kwanza, kisha kisahani huangukia kwenye mashine ya kuchapa kwa upande wowote. Ni bahati nasibu ya nusu kwa nusu. Mtu akikuambia iliyopinduka ni adimu, mshukuru na ufunge pochi.

Ile ninayoiheshimu ni moja: euro 2 ya jimbo la Hamburg, yenye kanisa la St. Michaelis, mwaka 2008, herufi F. Kufikia hapo upande wa pili wa sarafu za euro ulikuwa umebadilishwa. Ramani ya zamani ilionyesha nchi za Umoja wa Ulaya zikiwa na mipaka iliyokatwakatwa, na ramani mpya inaonyesha bara likiwa kitu kimoja. Stuttgart mtu akafunga muhuri wa ramani ya zamani kwenye mashine, na sehemu ya sarafu zikatoka hivyo. Mwaka 2008 peke yake haukuambii kitu. F peke yake haikuambii kitu. Lazima uone mwaka, herufi na ramani kwa pamoja. Mimi sijawahi kuipata kwenye chenji. Nimeishika kazini tu, nikairudisha kwa mwenyewe.

Sasa, kwa nini J inanigusa mimi mtoto wa Tanga? Bibi alikuwa na kopo la maziwa ya unga lililojaa sarafu za matundu, amezitunga kwenye uzi kama shanga. Sisi wajukuu tulizichezea duka. Miaka mingi baadaye, nikiwa nimeshahamia huku, nilipewa ule uzi, na kwenye heller 10 ya 1911, sarafu ndogo ya enzi za utawala wa Wajerumani kwetu, nikaona J. Palepale pa leo: Hamburg. Sarafu iliyochapwa katika mji ninaokaa ilivuka bahari, ikanunua chumvi Tanga, ikarudi nami kwenye begi la mkononi. Heller 1 za wakati huo utazikuta za aina mbili, A na J.

Halafu kuna T. Hii ndiyo herufi ninayoipenda kuliko zote, nayo ni ya Tabora. Wakati wa Vita vya Kwanza Waingereza waliziba njia za bahari, sarafu kutoka Ujerumani hazikufika tena, na askari na wapagazi walitaka kulipwa. Mwaka 1916, kwenye karakana ya reli ya Tabora, Wajerumani wakachapa zao wenyewe: heller 5, heller 20 za shaba nyekundu na za shaba ya manjano, na hata rupia 15 za dhahabu ya mgodi wa Sekenke zenye tembo aliyeinua mkonga. Za dhahabu zilizidi 16,000 kidogo tu. Tarehe 19 Septemba mwaka huohuo Wabelgiji wakauteka mji, mchezo ukaisha.

Heller 20 ya Tabora ni shule ya macho. Mihuri ilitengenezwa kwa mkono na haikufanana, kwa hiyo kuna yenye taji kubwa na yenye taji dogo, na ukigeuza upande wa neno HELLER unatazama ncha za zile L mbili: zimechongoka, zimejikunja zote, au imejikunja ya pili peke yake? Muunganiko mmoja ni wa kawaida, mwingine mtu anauza ng'ombe. Niliwahi kukaa usiku mzima na moja iliyolika, nikiinamisha taa huku na huku ili kivuli kinionyeshe mkunjo wa L. Asubuhi nikaandika "taji dogo", nikaacha nafasi ya L wazi. Mwenye mnada hakupenda. Lakini kisichoonekana siwezi kukiandika.

Wa pwani nao wana kitendawili chao. Ile pesa ya shaba yenye mizani ya Sultani Barghash wa Zanzibar imeandikwa ١٢٩٩, na kila mwaka ananipigia mtu akidai ana sarafu ya miaka mia saba. Ni 1299 ya Hijria, yaani kati ya mwishoni mwa 1881 na 1882. Kampuni ya Wajerumani nayo ilitoa pesa yenye tai na mwaka 1890 upande mmoja, na upande wa pili maandishi ya Kiarabu na 1307. Mwaka mmoja kwa kalenda mbili, sarafu moja. Aliyeichora alijua nani atapokea na nani atatoa.

Nirudi kwenye Saarland. Nina D, G na J. Nasubiri A na F. Ningeweza kuagiza seti nzima ya tano kwa posta, ila hapo furaha yote inakwisha kwenye bahasha. Muuza mikate kwa sasa amenielewa, ananiwekea euro 2 mpya kwenye kikombe kilichovunjika mkono karibu na mashine ya kahawa. Jana alinikabidhi nne, akijisifu. Nikazipanga kwenye kaunta nikazisoma mojamoja: J, J, J, J.