Je, wajua kitunguu pori hutambuliwaje kuwa spishi mpya?

Mama mboga wa Marikiti hutofautisha vitunguu kwa rangi na ukubwa. Kwa mtaalamu wa mimea, hayo mawili hayatoshi hata kidogo.

Kipimo cha kwanza ni pua. Jani likipondwa lisinuke kitunguu, huenda mmea huo si wa Allium kabisa, yaani jenasi (kundi la spishi za karibu) ya vitunguu. Usijaribu kuuonja, maana hata hapa Kenya iko mimea kama Drimia, yenye kitunguu kikubwa ardhini na sumu inayodhuru moyo.

Likinuka, kazi ndiyo inaanza. Allium ina spishi zaidi ya 900, nyingi zikiwa Asia ya Kati, Iran na Uturuki. Cha kutazamwa sana ni maganda: je, yanabanduka kama karatasi, au yamebaki nyuzi zilizosukana mithili ya wavu? Jani ni bapa au lina uwazi ndani? Siku hizi huhesabiwa pia kromosomu (kitunguu cha kachumbari kina 16) na kulinganishwa vinasaba.

Mmea hubanwa katikati ya magazeti ukauke. Hapo kitunguu ni mkaidi: ukikibana kizima, chaweza kuchipua humo humo gazetini! Ndiyo maana hukatwa nusu, au huchovywa kwanza kwenye maji yanayochemka. Rangi ya ua nayo huandikwa papo hapo porini, kwa kuwa hufifia.

Kisha mmea hulinganishwa na iliyokaushwa zamani. Nairobi ina hazina hiyo katika Makumbusho ya Taifa: East African Herbarium, iliyoanzia Amani, Tanzania, mwaka 1902 na kuhamia hapa 1950. Kila mmea uko kwenye karatasi ngumu yenye kibandiko kinachoeleza aliyeuchuma, mahali na tarehe. Si ajabu spishi “mpya” ikagunduliwa kabatini, ilikokaa miongo kadhaa chini ya jina lisilo lake.

Mwisho, maelezo huchapishwa. Hadi mwisho wa 2011 Kilatini kilikuwa cha lazima. Tangu 2012 Kiingereza kinakubaliwa. Mwandishi hutaja kielelezo kimoja tu, yaani mmea mmoja uliokaushwa, na hebaria (hifadhi ya mimea iliyokaushwa) kinakotunzwa, na jina hufungwa kwenye kielelezo hicho. Ukibisha, huko ndiko utakakopelekwa. Kanuni hazikukatazi kuupa mmea jina lako mwenyewe, ila wenzako watakucheka.